Gauni la Muuaji

Sijawahi kumuua mtu. Naliandika hili mwanzo kwa sababu wapo mpaka leo watu wazima, wenye akili zao na sala zao tano, ambao wakiniona napita Mkunazini huvutana buibui na kuambiana kwa macho: ndiye yule. Yule nani? Nilifanya nini? Nilivaa gauni. Gauni moja la kubana, wanja mwingi kidogo, na viatu vya visigino. Kwa hayo nikaitwa muuaji wa waume, na kwa hayo nikanyang'anywa mtoto.

Skuli niliishia darasa la nne, kwa hivyo nisitafutiwe lugha ya vitabu hapa. Naandika kama ninavyosema. Majina ya walionidhulumu siyaweki, kwa kuwa wana watoto na watoto hawana kosa. Lakini kila mmoja nitamtaja kwa cheo chake na kwa alilolitenda, na akisoma atajijua.

Wa kwanza ni wifi yangu wa Paje, dada wa marehemu mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchukuzi bandarini, na tukikaa chumba kimoja Kikwajuni na binti yetu mmoja. Miaka mitatu hivi baada ya mapinduzi akashikwa na tumbo. Nilitaka apelekwe hospitali siku ileile. Wifi alikuwa kaja mjini kututembelea, akasema hapana, hilo ni jicho la watu, akamleta mwalimu wa kuandika kombe. Aya za Kurani zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanyweshwa. Mimi sikatai kombe, nimenyweshwa utotoni na nimepona. Nnachokataa ni kumzuia mtu hospitali. Alikunywa siku mbili nzima, kwa mkono wa dada yake, kajikunja kama kamba, na kila nikisema tutafute gari naambiwa mwanamke gani huyu asiyeamini maneno ya Mungu. Tulipofika hospitali daktari akasema kidole tumbo kilishapasuka.

Kwa hivyo kama kuna mkono uliompa marehemu kitu cha kunywa, haukuwa wangu. Nalisema wazi kwa sababu baadaye lilipinduliwa.

Nilikaa eda nyumbani kwa ami yangu, mdogo wake baba, nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba karibu na Malindi. Baba na mama walishakufa wote wawili, ami ndiye aliyebaki kuwa mzee wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mtoto wangu alikuwa na mitatu, na alikuwa halali mpaka ashike sikio langu. Siku ya kumaliza matanga wifi alisema mbele ya watu kuwa mtoto ni damu yao, aende Paje. Yeye hakujaliwa kuzaa, na macho yake kwa mtoto yule yalikuwa ya mtu mwenye njaa, hilo nalijua na namwonea huruma hata sasa, lakini njaa yake si ruhusa ya kula changu. Ami akamjibu vizuri siku ile. Akamwambia sheria iko wazi, mtoto mdogo hukaa kwa mamake mpaka afike umri wa kupambanua mambo. Nikamwombea dua ami yangu. Sikujua kuwa sheria ile ilikuwa na nusu ya pili ambayo hakuisema.

Eda ilipokwisha nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikapakwa wanja na dada zangu wa mtaani. Nikajitazama kiooni nikaona kumbe bado nipo. Kwa mtu aliyekaa miezi bila manukato na bila rangi, kujiona tena ni kama kurudi safari. Nikaanza kushona kofia za viua kwa ajili ya riziki yangu na ya mtoto, na siku za wanawake nikenda sinema na shoga yangu.

Wakati ule sinema ilikuwa na onesho la wanawake watupu. Mwanamme hata mmoja haingii, na humo ndani buibui zinavuliwa, watoto wananyonya, watu wanatafuna njugu na kulia kwa sauti. Filamu za Kihindi. Mimi na shoga yangu hatukujua Kihindi hata neno la kuombea maji, na hatukwenda kwa hadithi. Tulikwenda kwa nguo. Gauni kwenye filamu linapita haraka, ukitaka kulishika lote hulishiki, basi sisi tuligawana. Yeye kutoka kiunoni kwenda juu: shingo, mikono, vifungo. Mimi kutoka kiunoni kwenda chini: pindo, mpasuo, namna linavyobana gotini mtu akitembea. Ikitoka filamu hatusemezani na mtu. Moja kwa moja kwa fundi cherehani wetu Darajani, kila mmoja anatoa nusu yake kabla haijapotea kichwani, na fundi anachora kwa chaki juu ya meza. Wanawake wengi wa mjini walishona hivyo. Hatukuwa peke yetu.

Filamu ile ilikuwa na wanawake wawili. Mmoja kavaa sari nyeupe anasali na kulia mwanzo mpaka mwisho. Nani ashone kilio? Wa pili ana gauni la rangi ya damu ya mzee, limemshika kama ganda la ndizi, mabega nje kidogo, nywele zimepandishwa, jicho limechorwa wanja mpaka karibu na sikio. Kila akiingia, ukumbi mzima unanong'ona. Tulidhani ni kwa uzuri wa gauni. Tukalitazama gauni, na aliyekuwa ndani yake hatukumtazama alikuwa anafanya nini.

Fundi akalitoa vilevile. Nikalivaa Idi Mosi, ndani ya buibui, kama kila mtu. Na kama kila mtu nikenda kupiga picha ya sikukuu.

Hapa namtaja wa pili, mpiga picha wa njia kuu ya maduka. Alikuwa bwana wa Kihindi, mpole, mikono laini. Nikavua buibui nyuma ya pazia nikatoka. Akanitazama, akatazama gauni, akatabasamu peke yake. Sikuelewa tabasamu lile. Akanambia nigeuze bega, nishushe kidevu, nitazame kwa chini. Halafu akenda rafuni akaniletea gilasi ya kioo, ya mguu mrefu, tupu.

"Shika hii, bibi. Inakaa vizuri na gauni."

Nikaishika. Kwangu ilikuwa pambo, kama lile ua la karatasi alilowapa wengine. Nikachukua picha yangu ndogo nikenda nayo nyumbani. Yeye akaikuza. Akaipaka rangi kwa mkono: midomo nyekundu, gauni damu ya mzee, na ndani ya gilasi, ambayo ilikuwa tupu nnaapa, akapaka kinywaji. Akaitundika dirishani kwenye njia ya watu wote. Hakuniuliza. Mwanamke wa Kiislamu, mjane, mabega nje, nauza sura kwa kila apitaye kununua sabuni.

Mimi nilipata habari kwenye harusi.

Ilikuwa bado Mfungo Mosi, mwezi wa zile funga sita baada ya Idi, harusi ya jirani, upande wa wanawake. Nilikuwa nimevaa gauni lile. Mimi na shoga yangu tulipewa kazi ya kuzungusha sharbati. Nikaingia na sinia langu chumba cha wazee, nikaenda kwa bibi wa kwanza, akageuza uso. Wa pili akachukua gilasi akaiweka chini ya kitanda taratibu kama mtu anayeficha uchafu. Nikamfika wa tatu.

"Mbona hunywi, bibi?"

"Nnafunga, mwanangu."

"Harusini?"

"Nnafunga sita."

Shavu lake lilikuwa limejaa halua. Chumba kikaangua kicheko. Bibi mmoja aliyekaa pembeni, mtu wa maneno, akasema bila kunitazama, "Si kama tunakuogopa, mwana. Tunazipenda roho zetu tu."

Nikabaki nimesimama na sinia. Kwa shoga yangu watu walikunywa, sinia lake lilirudi tupu. Langu lilirudi na gilasi zote, zimejaa mpaka ukingoni, na tulizungusha kutoka pipa moja. Jikoni ndipo mama mmoja jirani, aliyezaliwa na Wahindi na lugha yao anaijua, akanivuta pembeni akanieleza. Yule wa filamu, wa gauni langu, ndiye mbaya wa hadithi. Anampenda mume wa watu, mumewe mwenyewe anamtilia sumu kwenye gilasi, na anamtazama akinywa. Ndivyo alivyokaa: bega hivi, kidevu hivi. "Na wewe mwanangu," akanambia, "uko dirishani dukani umekaa hivyohivyo, na gilasi mkononi, na mume wako amekufa kwa tumbo."

Sasa mniambie kosa langu. Wale wanawake wote walikuwa ndani ya sinema ileile. Nusu yao walikwenda kwa fundi yuleyule wakataka gauni lilelile, nnajua, kwa sababu fundi alinambia. Wao wakiwa na waume hai likawa vazi. Kwangu likawa ushahidi.

Nilikwenda kwa mpiga picha siku ya pili nimejifunika gubigubi. Nikamwambia aishushe. Akanijibu kwa upole uleule kuwa picha yangu nilishaipokea, na kioo cha dirisha ni chake, na kwamba tangu aitundike wanawake wanakuja mpaka foleni wanataka wakae kama mimi. Nikamuuliza kama ana dada. Akasema anaye. Nikamuuliza mbona dada hayumo dirishani. Akaingia ndani kuosha sahani zake za dawa.

Wanaume wakawa wanasimama pale na baskeli zao. Sikumjua hata mmoja wao. Mke wa mmoja alikuja kunitemea mate barazani, akasema mumewe hali chakula. Nikamwambia ampikie vizuri. Hilo nalo likaenda mtaani, kwamba mjane yule hana haya, ana jibu.

Wa tatu ni mwenyekiti wa tawi la chama mtaani kwetu. Mtu huyu alikuwa na wake wawili. Alituma posa kwa ami, akitaka niwe wa tatu, na nikakataa, nikasema nna mtoto wa kulea. Wiki iliyofuata akagundua maadili. Akaja na vijana wake, akaiondoa picha dirishani kwa amri, na hapo ningemshukuru, lakini haikuchanwa. Alikaa nayo tawini. Kila mkutano wa mtaa inatolewa, inazungushwa mkono kwa mkono, wanaitazama kwa makini sana, halafu wanalaani. Kwamba wanawake wa namna hii ndio wanaoharibu nchi. Kwamba nchi mpya haitaki wanawake wa kutega. Miaka iliyofuata nguo fupi na za kubana zilipopigwa marufuku na vijana wakisimama njiapanda na mikasi, mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwaonesha wapi pa kukata, na walikata vitambaa walivyotaka wao kuviona kwanza. Tangu lini jicho la mwanamme likawa kosa la mshono wangu? Nimelitafuta jibu la hilo, sijalipata, na wao hawakuulizwa.

Habari zikafika Paje kabla ya mwezi kwisha. Wifi akaja. Wakakaa sebuleni kwa ami: wifi, mwenyekiti, ami mwenyewe. Mimi nyuma ya pazia na mtoto mapajani, nikimziba mdomo asiniite. Wifi alilia. Akasema kaka yake alikufa ghafla, na sasa watu wote wanajua kwa nini. Alilisema hilo, yeye, aliyeshika ile sahani kwa mikono yake miwili. Nusura nitoke. Ami akamnyamazisha. Mwenyekiti akasema mtoto ni jambo la familia, la kwake ni mtaa. Mwanamke kama yule akikaa bila mume ni hatari, apatiwe mume haraka, nje ya mji, na kama ami hawezi kulitengeneza yeye atalitengeneza.

Ami yangu ni wa nne, na kwangu ndiye wa kwanza. Wale watatu walikuwa watu baki.

Alinijia siku ya pili na sauti ya kubembeleza. Kuna mzee Kidichi, ana mikarafuu yake na nyumba nzuri, mkewe kafariki, mtu wa dini. Nikamwambia sitaki mume. Akasema mwanangu, ukikaa hapa huyu wa tawi hatatuacha, na wifi yako atakwenda kwa kadhi na ile picha. Ukiwa na mume mwenye heshima nani atakugusa? Nikamuuliza jambo moja tu.

"Na mtoto, ami?"

"Utakwenda naye. Mzee kakubali."

"Kakubali kwa mdomo wake?"

"Wallahi."

Basi nikaolewa. Kwa ajili ya mtoto nikaolewa, hilo lieleweke. Nikamfungia nguo zake ndogo kwenye kanga moja, na mto wake.

Hazikupita siku nyingi, kabla sijahamia Kidichi, nikaitwa kwa kadhi. Wifi kaketi, ami kaketi. Picha haikutolewa hata, haikuhitajika. Kadhi aliniuliza kama nimeolewa, nikajibu naam. Akaniuliza mume ana udugu wowote na mtoto, nikasema hana. Akasema basi haki ya ulezi imeniondoka, kwa kuwa mama akiolewa na mtu baki mtoto huhama, na kwa kuwa mama yangu hayupo na mama wa marehemu hayupo, shangazi ndiye anayefuata. Hiyo ndiyo ile nusu ya pili. Kadhi aliisoma kama ilivyo, simlaumu. Mimi nilikuwa siijui. Ami yangu, aliyesomesha chuo cha Kurani miaka kumi, alikuwa anaijua tangu ile siku ya matanga. Nilimtazama. Alikuwa anatazama makubadhi yake.

Mtoto alichukuliwa palepale mlangoni. Kile kifurushi cha kanga nilikuwa nacho mkononi kwa sababu nilidhani tutatoka pale twende Kidichi. Nikampa wifi. Akakipokea bila kunitazama, na mtoto akawa anaushika ushungi wake akitafuta sikio.

Huko Kidichi nilifika kama maiti. Wanja sikupaka, nywele sikufumua. Mzee alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maskhara. Siku chache zilipopita akanambia, "Mie niliambiwa naoa mwanamke hatari. Mbona nimeletewa huyu wa kulia?" Nikaona anajaribu kunichekesha, nikazidi kulia. Alitaka kuliona hilo gauni lililompa mke. Nikalitoa sandukuni. Akalinyanyua kwenye mwanga, akalipindua ndani nje, akasema mshono mzuri lakini mtu hawezi kula ubwabwa nalo.

Kila asubuhi nikimpelekea kahawa alikuwa akikipokea kikombe kwa mikono miwili, anasema bismillahi kwa sauti ya kusikika barabarani, na kuwaaga wachuma karafuu: "Kama ndiyo leo, nisameheni nyote." Kisha anakunywa mpaka machicha. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukaingia. "Mwaka wa tatu huu," akinambia, "unaniua lini? Nna mambo ya kupanga." Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza, na nilipocheka nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ami hakumtaka akubali mtoto. Ami alimwambia tangu siku ya posa kuwa mtoto atakwenda kwa shangaziye, ndiyo mapatano. "Weye hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Niliapiwa.

Yule mzee, mtu baki, aliyeletewa mke kama gunia lililochanika ili litoke dukani, ndiye peke yake aliyenifanyia haki. Alikwenda kuuliza, akarudi akanieleza kuwa mama akiachika, haki yake hurudi. Akasema, "Nnakupa talaka moja, na si kwa kukuchukia. Kahawa yako nitaikosa." Nikarudi mjini, si kwa ami. Nilipanga chumba Ng'ambo, nikamaliza eda, nikarudi kwa kadhi nikadai binti yangu.

Lakini miaka ilikuwa imekwenda. Mtoto alishatimia saba, anapambanua, na mtoto akipambanua huulizwa mwenyewe.

Tulingoja barazani. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu, kwa sababu kila nilipokwenda Paje niliambiwa yuko pwani na wenzake wanapiga makumbi ya nazi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa usumba. Alinisalimia vizuri, shikamoo, nikamwitikia marahaba, na nikaona ananitazama jicho, anatafuta kitu. Jua lilikuwa kali, midomo yake imekauka. Muuza madafu akapita nikamkatia moja, nikamwekea mkononi. Akaupeleka mkono nyuma. Nikamwambia kunywa, mwanangu, una kiu. Akatikisa kichwa. Wifi alikaa pembeni anatazama njia, na mtoto yule akakaa na kiu yake mpaka tukaitwa.

Kadhi alimuuliza kwa upole anataka kukaa na nani.

"Na shangazi."

"Kwa nini na shangazi?"

"Kwa shangazi nakunywa maji."

Kadhi hakuelewa. Mimi nilielewa, na wifi alielewa. Kitu alichompikia mtoto yule kila siku kwa miaka mitatu pamoja na wali wake ni hicho: usile kwa mamako, usinywe kwa mamako, babako alikunywa. Nilipata ruhusa ya kuletewa sikukuu kwa sikukuu. Ndiyo haki niliyotoka nayo.

Nikarudi chumbani kwangu nikapaka wanja. Mpaka karibu na sikio. Waliponiogopesha niliuacha, nikavaa kama mtu asiyekuwepo, na kwa kutokuwepo kwangu sikupata chochote. Gauni lenyewe sikuweza kulivaa njiani, mikasi ilikuwa kila kona, lakini ndani ya chumba changu nilivaa nilichotaka, na nikashona kofia zangu nimekaa kwenye jamvi na gauni la damu ya mzee.

Idi ya kwanza binti yangu aliletwa na chupa ya maji ya kisima cha Paje, imezibwa kwa kitambaa, na mkate wake. Ya pili vilevile. Nilimwona akigawa maji yale kwa midomo midogo midogo yamfikishe jioni. Sikumlazimisha. Ningemlazimisha wangesema nini?

Idi moja baadaye, alipokuwa anakaribia miaka tisa, nikawa napaka wanja naye kasimama mlangoni ananitazama.

"Shangazi kasema ukipaka hivyo watu wanakufa."

"Mie napaka kila siku," nikamwambia. "Hebu chungulia nje. Kafa nani?"

Alikwenda kweli. Alichungulia dirishani, akatazama wauza maandazi, akatazama jirani anayeanika nguo, akatazama upande wa pili. Akarudi akakaa. Chupa yake iliisha adhuhuri kwa sababu siku ile ilikuwa ya joto na alikuwa amecheza na watoto wa nyumbani. Nikaona anaigeuza, anaitikisa, anailamba. Nikainamisha kichwa kwenye kofia yangu nikaendelea na sindano.

Alasiri akanyanyuka. Akenda kwenye mtungi wa uani, akafunua kawa, akachota kwa kata. Akanusa. Akanitazama, nami nikatazama sindano. Halafu akanywa. Alikunywa kidogo, akasimama akingoja, mkono juu ya tumbo. Akangoja sana. Kisha akachota tena, akanywa yote.

Mtoto wangu niliyemzaa, kunywa maji nyumbani kwangu, kikawa kitu cha kuogopesha namna hiyo, yeye anangoja kufa na mimi nangoja yeye asife. Hilo ndilo walilonifanyia watu wale wanne, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba radhi. Jioni wifi alipokuja kumchukua, mtoto alitoka na chupa tupu mkononi, na shangazi yake alipomuuliza kama maji yalimtosha, akajibu ndiyo.

"Yalitosha," akasema, wala hakunitazama.